Nimenenepa, ninasahau, na shangazi anasema ni damu ya ukoo

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Ngamiani hapa Tanga pamoja na mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini, na binti yetu wa miaka 12. Miaka minne iliyopita nilikaa karibu wiki nzima bila kupata lepe la usingizi, huku nikiuza vyombo vya ndani kwa bei ya kutupa na kumweleza kila apitaye kwamba nafungua hoteli ya watalii Raskazone. Ndugu zangu waliponifikisha hospitali ilielezwa kwamba nina ugonjwa wa baipola, na nilipotazama nyuma nikatambua kwamba ile miezi niliyowahi kulala tu kitandani, bila kutaka kuoga wala kusemeshwa, ulikuwa ni upande wa pili wa ugonjwa huohuo. Tangu nianzishiwe olanzapini ya usiku na valproeti ya kutwa mara mbili sijalazwa tena, na kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Taabu yangu ni mwili na akili. Nilianza dawa nikiwa na kilo 58, sasa nina kilo 81, nami kimo changu ni sentimita 160 tu. Nikishameza kidonge cha usiku njaa inanijia kana kwamba sijala kutwa nzima, hata nikiwa nimekula wali wangu wa nazi nikashiba. Upande wa akili, mimi ndiye ninayeshika daftari la mauzo katika duka la jumla la kanga na vitenge. Zamani nilikuwa nikijumlisha kwa kichwa. Siku hizi mteja akiniambia anataka doti sita za kanga na mbili za kitenge, nikigeukia rafu nimebaki na zile sita tu, na naona haya kumuuliza mara ya pili. Mwezi uliopita hesabu haikutimia, na ikabidi bosi wangu akae nami mpaka usiku kutafuta kosa.

Shangazi yangu anasema nisihangaike na madaktari, kwa kuwa hii ni damu ya ukoo wetu. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa mnene sana na uzeeni akili ikampotea kabisa hata hakuwatambua wanawe. Na marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kupanda na kushuka, leo anagawa pesa, kesho hataki kuonana na mtu. Kwa maneno ya shangazi, unene na kurukwa na akili kwetu vinakwenda pamoja. Nikimtazama binti yangu, ambaye ameanza kunawiri mwili na anapenda kula, moyo unanienda mbio. Nilipolalamika kliniki kuhusu unene, nilijibiwa, "Bora unene kuliko kurukwa na akili," nikanyamaza.

Nakueleza ukweli, Bi Mshauri: nimeanza kukikata katikati kile kidonge cha usiku bila kumwambia mtu. Mwenzangu wa kazini pia ameniuzia chai ya kupunguza mwili, ambayo bado sijainywa. Naomba unijibu: je, unene huu ndio unaoila akili yangu, au ni dawa, au ni damu kama asemavyo shangazi? Na je, naweza kuziacha dawa nikajitunza kwa chakula?

Mwenye Mzigo, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hicho kidonge unachokikata, kwa maana mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu, lakini hilo haliwezi. Rudi kwenye dozi uliyoandikiwa, na uende kliniki wiki hii bila kungoja tarehe iliyo kwenye kadi yako, ukaseme waziwazi kwamba ulipunguza dawa na kwa nini ulipunguza. Dawa hizi zinapopunguzwa kienyeji ugonjwa hurudi kwa wengi, na mara nyingi huanza na usingizi kupungua, jambo ambalo mwenyewe hutaliona kuwa ni dalili kwa sababu utajisikia mwepesi na mchangamfu kuliko ulivyokuwa kwa miaka. Tena umeniandikia kwa kuhofia akili yako. Basi ujue kwamba katika tafiti nyingi za ugonjwa huu, watu waliopatwa na vipindi vingi vya mania, yaani akili kupanda kupita kiasi kama wiki ile uliyouza vyombo, ndio walioonekana kupungukiwa zaidi na kumbukumbu ya maneno waliyoambiwa na uwezo wa kupanga mambo. Ukiziacha dawa ili kuiokoa akili, huenda ukaitia hasarani akili ileile.

Sasa tuje kwa shangazi, ambaye simlaumu. Amechukua vitu vitatu, yaani ugonjwa, unene na usahaulifu, akavifunga katika kanga moja na kuviita damu. Kila kimoja kina asili yake, ingawa ni kweli kwamba vinagusana.

Unene wako una mwanzo unaojulikana. Ulikuwa na kilo 58 mpaka ulipoanza dawa, na damu uliyonayo leo ndiyo uliyokuwa nayo siku ile. Haikubadilika katika miaka minne, kilichobadilika ni kidonge. Olanzapini ni miongoni mwa dawa za akili zinazonenepesha zaidi, kwa sababu inaziba milango ya kemikali za ubongo, histamini na serotonini, ambazo kazi yake mojawapo ni kuuambia mwili kwamba umeshiba. Ndiyo maana unamaliza wali wa nazi na bado saa nne usiku mkono unatafuta kiporo cha mihogo. Hiyo njaa ni ya kweli, wala si ulafi, na anayekuita mlafi hajawahi kumeza dawa hiyo. Valproeti nayo inaongeza uzito, japo kwa kawaida si kama olanzapini, kwa hiyo wewe umebebeshwa dawa mbili zinazovuta upande mmoja.

Sikatai kwamba vinasaba vina sehemu yao katika uzito. Mwaka 2007 wanasayansi walitambua jeni iitwayo FTO, ya kwanza kuhusishwa kwa uhakika na unene wa kawaida wa watu wengi, na katika watu waliochunguzwa, aliyerithi nakala mbili za aina inayonenepesha alikuwa mzito kwa wastani wa kilo 3 hivi kuliko asiye nayo hata moja. Wewe umeongezeka kilo 23. Labda ukoo wako ulikuandaa kunenepa kwa urahisi ukipata sababu, maana hata watu wanaotumia dawa ileile hawanenepi sawasawa, lakini sababu yenyewe haikutoka kwa bibi yako.

Na lile jibu la "bora unene" ulilopewa kliniki mimi silikubali. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoua. Katika nchi zinazotunza kumbukumbu za vifo kwa uangalifu imeonekana kwamba watu wenye baipola hufariki mapema kuliko wenzao kwa wastani wa miaka ipatayo 10 au zaidi, na sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Kwa uzito na kimo chako, uwiano wa uzito na urefu unakaribia 32, na kuanzia 30 madaktari huuita unene uliopitiliza. Kulalamikia jambo hilo si kujipenda wala kutaka urembo, na ninakusihi ulirudie lalamiko lako bila kuona haya.

Je, unene unaila akili? Kwa maneno makali namna hiyo, hapana. Lakini swali lako halikosi msingi, na ni swali ambalo watafiti wenyewe wanaliuliza. Katika makundi ya wagonjwa wa baipola yaliyopimwa, walionenepa sana wamekuwa wakipata, kwa wastani, alama za chini kidogo katika vipimo vya uangalifu, wepesi wa kufikiri na kupanga mambo, kuliko wagonjwa wenzao wasionenepa. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa kimataifa wa picha za ubongo za watu zaidi ya 2,700, wenye baipola na wasio nayo, na ilionekana kwamba sehemu ya tofauti za ubongo zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za ugonjwa huu ilikwenda sambamba na uzito wa mwili. Sababu zinazofikiriwa ni zile za mwili mzima: sukari inayoshindwa kudhibitiwa, presha, uvimbe mdogomdogo wa ndani usioonekana kwa macho, na usingizi usiotosheleza. Hata hivyo hizo ni tofauti za wastani wa makundi, si hukumu juu ya mtu mmoja mwenye daftari lake la mauzo. Mimi naona pia kuna faraja ndani yake, kwa kuwa uzito ni kitu kinachoweza kusogezwa, na kwa watu wa kawaida waliopunguza uzito, uangalifu na kumbukumbu vimeonekana kuboreka kwa kiasi.

Lakini hizo doti mbili za kitenge zinazokupotea kati ya mteja na rafu zinaweza kuwa na visababishi vingine vya karibu zaidi, na itakuwa hasara kubwa kama utautupia unene lawama zote huku chenye kosa kikiachwa. Dawa ya usiku yenyewe inaweza kukuacha na uzito wa kichwa mpaka saa nne asubuhi, hasa ukiimeza kwa kuchelewa. Sonona ndogo iliyobaki, ile isiyokulaza kitandani lakini inayokufanya ufanye kila kitu kwa kujikokota, huvuruga umakini kuliko watu wanavyodhani. Tezi ya shingo ikilegea mtu hunenepa, huchoka na husahau kwa pamoja. Upungufu wa damu nao huchosha. Kisha muulize mume wako kama unakoroma sana na kama kuna nyakati pumzi inakatika usingizini halafu unashtuka. Mtu mnene anayekatika pumzi hivyo huamka bila kupumzika hata akilala kwa muda wa saa tisa, na hakuna akili inayojumlisha vizuri katika hali hiyo.

Wakati hayo yakichunguzwa, dukani weka kijidaftari mezani na uandike agizo kabla hujaigeukia rafu. Wauzaji hodari wasio na ugonjwa wowote wanafanya hivyo, na bosi aliyekaa nawe usiku kutafuta kosa, badala ya kukufukuza, hatakucheka.

Sasa nirudi kwenye damu, kwa ajili ya binti yako. Baipola inarithiwa kwa kiasi kikubwa, na hapa shangazi hakukosea: hadithi ya baba yako ya kugawa pesa leo na kujifungia kesho inafaa kabisa kusimuliwa kwa daktari. Lakini kinachorithiwa ni uwezekano. Katika watu kwa jumla, wapatao 1 hadi 2 kati ya 100 huwa na ugonjwa huu katika maisha yao. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anao, uwezekano wake hufika 5 hadi 10 kati ya 100. Maana yake ni kwamba watoto tisa au zaidi kati ya kumi wa akina mama kama wewe hawaupati. Hata mapacha wa kufanana, walio na vinasaba vilevile, mmoja akiugua mwenzake si lazima augue. Wala hakuna jeni moja ya baipola: utafiti mkubwa wa mwaka 2021 ulionyesha sehemu 64 za vinasaba zinazohusika, na ule wa 2025 ukafikisha 298, kila moja ikiwa na mchango mdogo mno. Kwa sababu hiyo usimlipe mtu yeyote fedha akuahidie kupima vinasaba vya mtoto ili akuambie kama ataugua.

Kuhusu imani kwamba unene na ugonjwa wa akili ni damu moja, uchunguzi hauiungi mkono kwa namna aisemavyo shangazi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walieleza kwamba jeni moja inayojulikana kwa habari za kisukari, TCF7L2, ilionekana kuhusiana na baipola pale tu walipozingatia uzito wa mwili wa wagonjwa, kwa hiyo nyuzi za kuunganisha mambo haya mawili zipo. Lakini tafiti kubwa zaidi hazijaona kwamba vinasaba vya baipola kwa ujumla wake ndivyo vinavyonenepesha. Tena, na hili mwambie shangazi taratibu mkiwa mnakunywa kahawa, vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa baipola vimeonekana kuambatana kidogo na kusoma shule miaka mingi zaidi, wala si michache. Damu hiyo si damu ya ujinga. Bibi yako aliyeacha kuwatambua wanawe uzeeni yaelekea alikuwa na ugonjwa wa usahaulifu wa wazee, ambao ni habari nyingine kabisa.

Binti wa miaka 12 kunawiri mwili ni balehe. Usimpime kila wiki, usimhesabie maandazi mbele ya wageni, na usimwambie kwamba anafanana na bibi. Mlindie usingizi wake, hasa akienda shule ya bweni, na akifika umri wa kuelewa umweleze wewe mwenyewe kuhusu ugonjwa wako, na kwamba kwake bangi ni hatari kuliko kwa wenzake. Ugonjwa huu kwa wengi huanza kati ya mwisho wa ujana wa shule na miaka 25. Ukiona usingizi umebadilika sana kwa wiki kadhaa, pamoja na tabia isiyo yake, mpeleke kliniki mapema.

Kliniki, iwe ya hospitali ya Bombo au kwingineko unakohudhuria, usiende na malalamiko mdomoni tu. Andika uzito wako wa zamani na wa sasa, njaa inakuja saa ngapi, na makosa ya dukani kama ulivyoniandikia mimi. Omba wakupime presha, mzunguko wa kiuno (kwa mwanamke, sentimita 88 na kuendelea ni alama ya hatari), sukari ukiwa hujala, mafuta kwenye damu, tezi ya shingo na wingi wa damu. Kisha uliza kama olanzapini inaweza kupunguzwa au kubadilishwa polepole kwa dawa isiyonenepesha sana. Uliza pia kuhusu metfomini, dawa ya kisukari ambayo hutumika hata kwa asiye na kisukari ili kupunguza unene uletwao na dawa za akili. Kwa wastani huondoa kilo 3 hivi, si ishirini, na figo hukaguliwa kabla ya kuanza.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko kilo zote. Una miaka 36, una mume, na unameza valproeti. Dawa hiyo ikitumika wakati wa mimba, mtoto 1 hivi kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa katika ukuaji wa akili na lugha. Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Muulize daktari wako waziwazi kama inaweza kubadilishwa, na mpaka hapo uwe na njia madhubuti ya uzazi wa mpango. Usiiache mwenyewe. Ukipewa lithiamu, dawa nyingine ya baipola, badala yake, hesabu kwamba utapimwa damu mara kwa mara kuangalia kiwango cha dawa, figo na tezi, na kwamba katika joto hili la pwani lazima unywe maji ya kutosha, usimeze dawa ya maumivu ya diklofenaki ya dukani bila kuuliza, na kabla ya Ramadhani umwone daktari kwanza, kwa kuwa mwili ukikaukiwa lithiamu hupanda na inaweza kuwa sumu. Kama ilipata kumsaidia ndugu yeyote wa damu mwenye ugonjwa huu, mwambie daktari, maana kufaa kwa lithiamu kumeonekana kufuata koo.

Kwa chakula peke yake hutaidhibiti baipola, na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Kwa chakula utausaidia mwili. Anzia kwenye vinywaji: vikombe vinne vya chai yenye vijiko vitatu vya sukari ni vijiko kumi na viwili kwa siku, na kiu ya dawa huwafanya wengi waongeze soda juu yake. Sahani ya usiku iwe na samaki na mchicha kwa wingi, wali wa nazi mara moja usirudiwe, na kiporo kisilale jikoni kikikungoja saa nne. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali, hata kama ni kwenda kazini kwa miguu badala ya bodaboda.

Ile chai ya mwenzako wa kazini usiinywe. Nyingi ya aina hiyo ni majani ya kuharisha, yanayotoa maji na kuacha mafuta palepale, na ukiharisha dawa zako hazitakaa mwilini ipasavyo. Nyingine zinazouzwa kwa jina la kupunguza mwili zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, na ambayo kwa mtu mwenye baipola imewahi kuhusishwa na kuamsha mania. Mrudishie pakiti yake, na akikataa kukurudishia pesa, samehe pesa.